Kisahani Kikaidi na Mkono Unaokirusha



Nimeombwa nizungumze juu ya visahani vikaidi vya gofu, vile ambavyo madukani huuzwa kwa jina la ovastebo, na nani anafaa kuvinunua. Jibu ninalo, na nitalitoa mapema ili mwenye haraka asikae bure. Karibu kila mchezaji mpya anavyo vingi kuliko anavyohitaji, na karibu kila mchezaji aliyekwisha kuuzoea mchezo anavyo vichache kuliko anavyohitaji. Muda uliobaki nitautumia kueleza kwa nini iko hivyo, maana ushauri usio na sababu mtausahau kabla hamjafika kwenye maegesho.

Kwa wazazi ambao mmeletwa hapa na watoto wenu, mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Unasimama mahali pa kuanzia, unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia, unakwenda pale kilipoangukia, unarusha tena mpaka kiingie. Aliyerusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Kikapu kimoja huitwa shimo, kwa kufuata gofu ya mpira, na uwanja kamili kwa kawaida una mashimo 18. Hapa Minnesota viwanja vimejaa, vingine ndani ya bustani za umma ambako hulipi hata senti, na hiyo ndiyo sababu mojawapo watoto wetu wameupenda. Hakuna ada ya klabu, hakuna sare ya lazima, hakuna kocha anayedai malipo ya mwezi. Gharama iko kwenye visahani, na hapo ndipo watu wanapopoteza fedha.

Aliyeupa mchezo huu sura tunayoijua ni Ed Headrick, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyotengeneza Frisbee. Mwaka 1975 uwanja wake wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa katika bustani ya Oak Grove, California, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji, PDGA, ambacho mpaka leo ndicho kinachosimamia kanuni. Kikapu cha minyororo nacho ni kazi ya mikono yake. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki vikafinyangwa visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Najua kwa baadhi yetu hapa jambo hilo linasikika vibaya, lakini ndivyo mzee alivyousia.

Wakati wa Headrick watu walirusha visahani vyenye ukingo mnene wa mviringo, vile vya kuchezea ufukweni. Ukaidi haukuwa jambo la kujadiliwa sana, kwa sababu visahani vyenyewe havikwenda kasi ya kutosha kuleta tofauti kubwa. Mambo yalibadilika mwaka 1983, Dave Dunipace na wenzake wa kampuni ya Innova walipotoa kisahani chenye ukingo uliochongwa kwa mshazari, wenye makali ya kukata hewa. Kikaenda mbali kuliko vyote vilivyotangulia. Na ukingo ukishakuwa na makali, kila badiliko dogo la umbo lake linabadilisha njia ambayo kisahani kinapita hewani. Maduka ya leo yenye kuta nzima za visahani, kila kimoja na jina lake na namba zake, yamezaliwa na ukingo huo.

Sasa tuutazame ukaidi wenyewe. Mchukueni mchezaji wa mkono wa kulia anayerusha bekhandi, yaani anayevuta kisahani mpaka kifuani kisha anakifungua mbele. Ukikitazama kutoka juu, kisahani chake kinazunguka kama mishale ya saa. Kikitoka mkononi kwa kasi, hewa hukibeba zaidi upande wa nyuma, kwa hiyo pua yake inataka kuinama. Kasi ikipungua, kinaanza kuzama kidogo, hewa inakipiga kwa chini, na nguvu ya kukibeba inahamia mbele. Sasa pua inataka kuinuka. Kama kisingekuwa kinazunguka, kingepinduka tu na kuanguka. Lakini kitu kinachozunguka hakiendi kule kinakosukumwa. Pia ya mtoto ukiisukuma mbele, inaegemea ubavuni. Basi ule msukumo wa kuinamisha pua unakilaza kisahani upande wa kulia, na ule wa kuiinua unakilaza kushoto. Ndiyo maana kisahani kilichorushwa vizuri huenda kidogo kulia kikiwa na kasi, kisha hukunja kushoto kinapochoka.

Mgeuko wa mwanzo na mkunjo wa mwisho: mkiyashika hayo mawili, mengine yote niliyo nayo leo yatafuata. Kisahani kikaidi kimeundwa ili mgeuko wa mwanzo usiwepo, au uwe mdogo mno, na mkunjo wa mwisho uanze mapema tena kwa nguvu. Kinachokwenda kinyume chake, kinachogeuka kwa urahisi na kukunja kidogo tu, dukani huitwa andastebo. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze kila ninachosema: kushoto iwe kulia. Vivyo hivyo anayerusha fohandi kwa mkono wa kulia, yaani kiganja kikitazama mbele, kwa sababu kisahani chake kinazunguka kinyumenyume.

Mtaona kwamba katika maelezo hayo yote nimetaja kasi mara nyingi kuliko umbo. Nimefanya makusudi. Mchezaji huingia dukani akiuliza, "Hiki ni kikaidi?" kana kwamba anauliza kama ni chekundu. Ukaidi hauko ndani ya plastiki peke yake. Uko kati ya plastiki na mkono. Kisahani kilekile ambacho bingwa anakirusha kikaenda kimenyooka kama uzi, mimi na wewe tukikirusha kinakata kushoto kabla hakijafika nusu ya njia, kwa sababu hatujakipa kasi ya kufikia hatua yake ya kwanza. Tumekiingiza moja kwa moja katika hatua ya pili. Kwa mkono wa mtu aliyeanza juzi, visahani karibu vyote vya dukani ni vikaidi.

Hapo ndipo namba zilizoandikwa juu ya kisahani zinapohitaji kusomwa kwa akili. Mtindo ulioenea ni ule wa Innova wenye namba nne. Ya kwanza ni kasi, kuanzia 1 hadi 14 au 15. Ya pili ni kuelea, yaani uwezo wa kukaa hewani. Ya tatu ni mgeuko, ambao ukiandikwa kwa alama ya kutoa maana yake kisahani kitageuka kulia. −3 hugeuka zaidi ya −1, na 0 haigeuki. Ya nne ni mkunjo, kutoka 0 hadi 5. Firebird, ambayo ni mfano unaotajwa kuliko yote pale watu wanapozungumza ukaidi, ina 9, 3, 0, 4. Leopard ina 6, 5, −2, 1. Destroyer, ambayo kila kijana hapa anaitamani, ina 12, 5, −1, 3.

Watu wanaisoma ile 12 kana kwamba ni zawadi. Si zawadi, ni deni. Namba ya kasi haikwambii kisahani kitakwenda kwa kasi gani. Inakwambia mkono wako unatakiwa ukirushe kwa kasi gani ndipo zile namba tatu zinazofuata ziwe za kweli. Ukishindwa kulilipa deni hilo, −1 ya Destroyer hutaiona kamwe. Utaona 3 tu, tena mapema. Jambo jingine ni kwamba PDGA haizikagui namba hizi. Chama hupima kipenyo, uzito, upana wa ukingo na mambo ya namna hiyo kabla ya kuruhusu kisahani kitumike mashindanoni, lakini namba za namna kinavyoruka kila kampuni hujiandikia yenyewe. Kwa hiyo 3 ya kampuni hii inaweza kuwa 4 ya kampuni ile. Linganisheni visahani vya kampuni moja kwa namba. Vya kampuni mbili vilinganisheni kwa kuvirusha.

Nimeweka visahani viwili hapa mezani, naomba vipitishwe mkono kwa mkono. Hiki cha plastiki inayoangaza, kigumu kidogo, ni Firebird. Hiki cha pili chenye mikwaruzo ni Leopard ya plastiki ya bei nafuu. Msitazame rangi. Kiinueni kila kimoja mpaka ukingo uwe sambamba na macho yenu, kana kwamba mnatazama upeo wa bahari. Kwenye makali ya ukingo mtaona mstari mwembamba, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana plastiki ilipokuwa ya moto. Katika Firebird mstari huo umekaa juu. Sehemu kubwa ya ukingo iko chini yake. Katika Leopard umeshuka. Mstari ukiwa juu, kisahani kwa kawaida ni kikaidi zaidi, na mafundi wa mchezo huu hupitisha kidole hapo dukani hata kabla ya kusoma namba. Sasa tazameni mgongo. Ule wa Firebird ni bapa, ule wa Leopard umenyanyuka katikati. Mgongo bapa hauelei sana, na kwa kikaidi hilo ni sifa. Baadhi ya visahani, kama Roc, vina kigongo chembamba kinachozunguka chini ya ukingo. Kigongo hicho nacho huongeza ukaidi.

Halafu gusa mikwaruzo ya hii Leopard. Kisahani kinapogonga miti na changarawe, makali yake yanabadilika umbo, na mabadiliko hayo karibu siku zote yanakwenda upande mmoja: ukaidi unapungua. Plastiki ya bei nafuu, ile ya dola 9 au 10, inabadilika haraka mno. Plastiki ya dola 18 au 20 huchukua muda mrefu, na mara nyingi kisahani cha umbo lilelile kikitoka katika plastiki hiyo ngumu huwa kikaidi zaidi tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema, "Nina Firebird," bado hujajua ana nini mkononi. Muulize ya plastiki gani, na imegonga miti mingapi.

Nije kwa anayeanza. Mtu mzima mwenye afya ambaye hajawahi kucheza, akirusha kwa nguvu zake zote, kisahani chake aghalabu hutua kati ya mita 50 na 70. Sababu kubwa si misuli. Ni mpangilio wa miguu, nyonga na bega, na pia pua ya kisahani, ambayo kwa wengi huwa imeinuka wakati kinatoka mkononi. Pua ikiinuka, kisahani kinapanda, kinapoteza kasi juu, kisha kinadondoka kushoto. Mpe mtu huyu draiva kaidi ya kasi 12, yaani kisahani kikaidi cha masafa marefu, na ule mdondoko wa kushoto unaongezeka maradufu. Sasa anafanyaje? Binadamu hutafuta njia. Anaanza kulenga kulia kabisa, kwenye miti, akitumaini kisahani kitarudi. Au anakilaza ubavu wa kulia wakati wa kukiachia ili kishindane na ukaidi wake. Baada ya miezi michache anafika pale alipokusudia, na yeye na rafiki zake wanadhani amejifunza. Alichojifunza ni kukitumikia kisahani.

Kuna ubaya mwingine usioonekana, nao nauona mbaya kuliko huo. Kisahani kikaidi kinaficha makosa. Ukikirusha kikatoka mkononi kikiyumbayumba, au ukakunja kifundo cha mkono kikalala bila wewe kutaka, chenyewe kinajinyoosha hewani na kukunja kushoto kama kawaida. Kile chepesi kugeuka hakikustahi. Ukikosea, kinapinduka kulia na kubingirika chini mbele ya watu wote. Ndiyo maana vijana wanakikimbia, na ndiyo maana mimi nasema wakae nacho. Leopard inayopinduka inakwambia jambo kuhusu kifundo chako ambalo Firebird itakuficha kwa miaka.

Basi anayeanza anunue nini? Kisahani cha kumalizia kama Aviar, cha masafa ya kati kama Buzzz, na draiva moja ya polepole kama hiyo Leopard. Vitatu vinatosha, na vikiwa vyepesi kidogo si aibu. Kanuni inaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na ndiyo maana draiva nyingi hufika gramu 175 hivi. Mtoto, au mtu mwenye mkono mwepesi, akichukua ya gramu 150 ataona kisahani kinaamka hewani, kwa sababu anaweza kukipa mwendo. Wazazi, tafadhali msiwanunulie watoto gramu 175 kwa kudhani kwamba kizito ndicho kizuri.

Hata hivyo sisemi anayeanza asiguse kikaidi. Akitaka, aanze na cha polepole, kasi isiyozidi 5. Zone ya Discraft ina 4, 3, 0, 3. Harp ya Westside ni hivyohivyo. Gator ya Innova ina 5, 2, 0, 3. Visahani hivi havidai mkono wa bingwa. Ukiwa mita 35 kutoka kwenye kikapu, ukakirusha kwa utulivu, kitafuata njia uliyotarajia, kitakunja pale ulipotarajia, na kikigusa ardhi hakikimbii sana. Havielei, na kukosa kuelea ndiko kunakovifanya vifae: hakuna upepo mdogo utakaokunyanyulia kisahani na kukipitisha juu ya kikapu mpaka kwenye bwawa. Kama ningeruhusiwa kumpa mchezaji wa mwaka wa kwanza kikaidi kimoja tu, ningempa Zone, na draiva zote kaidi ningezifungia kabatini.

Kabati lifunguliwe lini? Kipimo changu ni rahisi. Chagua siku isiyo na upepo, simama uwanja wa wazi, urushe Leopard mpya kwa nguvu zako zote, ikiwa bapa kabisa mkononi, pua chini. Ikikunja kushoto tu, bado. Ikienda kulia kidogo kisha ikarudi, umekaribia. Ikilala kulia na kukataa kurudi, huku una hakika kwamba hukuyumbisha wala kukunja kifundo, basi mkono wako umeipita. Hapo unahitaji kitu kinachokaza zaidi. Pitia kwanza Teebird, 7, 5, 0, 2, ambayo ni kisahani cha heshima, kisha ndipo uende kwa Firebird.

Kwa mchezaji huyu wa kati, anayefika mita 80 au 100, nina malalamiko. Akishajiona amepevuka, anaruka Firebird na kwenda kununua draiva za kasi 12 na 13, kwa sababu Firebird "haiendi mbali." Ni kweli haiendi mbali. Haikutengenezwa iende mbali. Kazi yake ni kufika pale ulipoituma, hata kama kuna upepo, hata kama kuna mti mbele, hata kama umerusha vibaya kidogo. Irushe ikiwa imeinamishwa upande wa kushoto, mrusho ambao wachezaji huuita haiza, itachora upinde mmoja usiobadilika, na ikifika chini itateleza kushoto juu ya nyasi mita kadhaa. Hesabu mtelezo huo katika mpango wako. Irushe juu sana ikiwa imelala ubavu kabisa, itashuka kama kigingi na kukwama palepale, nzuri pale ambapo nyuma ya kikapu kuna mteremko. Ilaze upande wa kulia, itaanza kwenda kulia kwa shida, isimame, kisha irudi kushoto, ikichora herufi S kuzunguka mti unaokuziba. Irushe juu ya bega kama jiwe, itastahimili. Hakuna draiva ya kasi 12 itakayokufanyia kazi zote hizo kwa uaminifu huo.

Na warushaji wa fohandi, nanyi Firebird ni yenu mapema kuliko wenzenu. Fohandi kwa kawaida hutoa mzunguko mdogo kuliko bekhandi, na kisahani huyumba zaidi kinapotoka kati ya vidole. Chepesi kugeuka hakivumilii hali hiyo. Lakini onyo nililotoa kwa anayeanza linawahusu pia: ukiona fohandi yako inafanya kazi na Firebird tu na kila kingine kinapinduka, tatizo liko kwenye kifundo chako, na fedha ya dukani haitalitibu.

Upepo unahitaji muda zaidi, hasa kwa sisi tunaocheza kando ya maziwa. Kisahani hakijui kasi yako juu ya ardhi. Kinajua kasi ya hewa inayokigonga. Tuseme unarusha kwa kilomita 80 kwa saa, na upepo wa kilomita 25 unakuja usoni. Hewa inakutana na kisahani kwa kilomita 105. Mkono wako ni wa mchezaji wa kati, lakini kisahani kinaona kimerushwa na mtu wa mashindano, na kinageuka kulia ipasavyo. Mzunguko nao haukuongezeka, kwa sababu upepo hauzungushi kitu. Kwa hiyo kisahani kina kasi ya bingwa bila ule mzunguko wa bingwa unaokituliza. Ndipo Leopard, na hata Teebird iliyochakaa, inapolala kulia na kuzama ziwani, na visahani vingi vikiingia majini havielei. Kikaidi ndicho kisahani cha upepo wa usoni. Firebird siku hiyo inakuwa kama Teebird ya siku tulivu.

Upepo ukitoka mgongoni, hesabu inageuka. Kilomita zako 80 zinakuwa 55, kisahani kinaona mkono wa mtu aliyeanza jana, na kila ulicho nacho kinakuwa kikaidi kuliko kilivyoandikwa. Kijana mmoja aliniuliza kabla hatujaanza kuhusu rekodi ya dunia, zile mita 338 alizorusha David Wiggins Jr. mwaka 2016 katika jangwa la Nevada, akataka kujua ni kikaidi gani kilichofika huko. Anayetafuta umbali huku upepo mkali uko mgongoni hatafuti ukaidi, upepo umeshamwongezea. Anatafuta kitakachogeuka na kuendelea kuelea.

Urefu kutoka usawa wa bahari una athari ya namna hiyohiyo. Minneapolis iko chini, mita 250 hivi. Denver iko mita 1,600, Nairobi karibu mita 1,800, na huko hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15. Hewa pungufu haikigeuzi kisahani vya kutosha, wala haikibebi. Mkienda likizo nyumbani Nairobi au Eldoret na mikoba yenu, mtashangaa Destroyer zinavyokata kushoto. Acheni vikaidi vikali hapa Minnesota, mbebe vile ambavyo hapa mnaviona vinageuka kupita kiasi.

Kwa mchezaji wa juu, anayepita mita 120 bila kujilazimisha, sina mengi ya kumfundisha, lakini wengine mnaweza kujifunza kwa kumtazama. Mkiangalia mashindano makubwa, iwe ni yale ya Marekani au ya Nokia, Finland, mtaona draiva za kasi 12 na 13 zikirushwa karibu kila shimo la wazi. Hizo kwao si vikaidi. Kwa mkono wa Paul McBeth, ambaye ametwaa ubingwa wa dunia mara sita, kisahani cha aina ya Destroyer kinakwenda kimenyooka na kurudi mwishoni. Kwa mikono ya namna hiyo, vikaidi ni vile ambavyo mimi sivigusi: vya mgeuko chanya, kama Felon yenye 9, 3, 0.5, 4, ambavyo hutolewa kwa upepo mkali au kwa kona isiyokubali kosa. Kijana anayenunua mkoba wa bingwa kama ulivyo, ananunua namba ambazo mkono wake hauwezi kuzisoma.

Jambo ambalo wachezaji wa juu wanalifanya, na mchezaji wa kati anaweza kuliiga bila gharama kubwa, ni kubeba umbo moja katika umri tofauti. Firebird mpya ya upepo, Firebird ya misimu miwili ya kazi za kila siku, na Firebird iliyochakaa ambayo sasa inakwenda karibu imenyooka kabla ya kukunja. Kishiko ni kilekile, kidole kinakaa palepale kwenye ukingo, na akili haihangaiki. Ndiyo sababu sijawahi kumlaumu mtu anayenunua kikaidi kilichotumika. Chepesi kugeuka kikichakaa kinaweza kukosa kazi, isipokuwa ya kubingirisha chini. Kikaidi kikichakaa kinapata kazi nyingine.

Maduka ya vifaa vya michezo vilivyotumika yana masanduku yake, na Firebird nzuri hupatikana kwa nusu ya bei. Mkienda, kiwekeni kisahani juu ya kaunta mtazame kama kimelala sawasawa au ukingo umepinda. Kilichopinda kiacheni, ingawa plastiki laini huweza kunyooshwa. Pitisheni kidole kwenye ule mstari. Kisha kigeuzeni. Wachezaji wengi huandika jina na namba ya simu ndani, upande wa chini, kwa kalamu ya wino usiofutika. Mkiikuta namba, mpigieni mwenyewe kabla hamjalipa, kwani huenda hakukiuza na bado kila Jumamosi anakitafuta kwenye mafunjo.